Likizo Niliyokuwa Mtumishi wa Mama Mdogo

Mamangu na mdogo wake wametoka tumbo moja kwa baba mmoja, lakini ukiwakalisha kochi moja utafikiri mmoja ni mwenye nyumba na mwenziwe kaja kuulizia chumba. Babu yao alikuwa Mhadhrami aliyefika Mombasa kuuza kahawa, akaoa Mdigo wa Likoni, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa bahati nasibu: hujui mtoto ana rangi gani mpaka atoke. Mama alichukua kwa bibi yao. Ana rangi ya kahawa iliyosahauliwa jikoni, na mimi nimemfuata, ila mimi nilisahauliwa zaidi. Mama mdogo alichukua kwa babu: maziwa yaliyotiwa chai kidogo, nywele mpaka kiunoni, pua ya kuchongwa. Nyumbani Mombasa hakuna aliyejali. Tulichomcheka ni kwamba akiona haya anageuka nyanya.

Waliojali walikuwa Riyadh.

Miaka ile mawakala walikuwa wamejaa Mombasa, kila mtaa una ofisi ya kupeleka wasichana Saudia. Babangu alikuwa ametangulia Jeddah. Ni fundi wa viyoyozi, na kwa joto la Jeddah fundi wa viyoyozi ni kama daktari wa moyo, kwa hiyo kafili wake, yaani mdhamini wake wa kazi, alikubali atulete mimi na mama. Tukapanga mtaa wa Ghulail, ghorofa ya nne, jengo lenye lifti ya mapambo. Mama akapata kazi ya kutwa kwenye jumba moja la mtaa wa kitajiri wa Al-Hamra. Mama mdogo akaja baadaye kwa wakala, akapelekwa Riyadh kufanya kazi za ndani.

Mwajiri wake alikuwa mwanamke mcheshi, anampenda, anamtuma kila mara soko la Al-Dirah kununua udi wa kufukiza nyumba. Mwenye duka la udi akaanza kumpimia udi wa ziada. Mwajiri alipoona hivyo, akaipika habari mwenyewe na kuipeleka kwa mama wa yule kijana: huyu binti si mfanyakazi wangu, ni mgeni wangu, Mhadhrami wa Mombasa, yatima, mtoto wa pekee. Uhadhrami ulikuwa na robo ya ukweli. Uyatima ulikuwa kweli. Lakini kwa hayo maneno mawili, mtoto wa pekee, mamangu akafutwa duniani kama hesabu iliyokosewa.

Kijana mwenyewe aliambiwa ukweli mapema. Sio mtu mbaya. Alisema, "Nipeni muda, mamangu ana presha." Basi ile presha ikatutawala sote. Harusi ilifanyika, mama akaitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Mume alipokuja Jeddah kuchukua mizigo bandarini, mama mdogo alikuja naye, nasi tulikaa ndani ya gari ufukweni tukila aiskrimu, mama kiti cha nyuma, asije akaonekana na mtu wa huko kwao.

"Kiti cha nyuma kina upepo zaidi," mama alisema.

"Upepo gani, mama, vioo vimefungwa?"

"Wewe kula aiskrimu yako."

Mama hakutaka makuu. Alitaka siku moja aingie nyumba ya mdogo wake kwa mlango, aketi, aitwe dada mbele ya watu. Alikuwa amembeba mgongoni yule, amemwogesha, amempeleka chuoni kusoma Kurani. Hakuwahi kulisema mbele yangu, lakini nyumba yetu ilikuwa ndogo na mimi sikio langu kubwa.

Mama mdogo alipojifungua mtoto wa kiume, shule yetu ilikuwa imefunga. Akapiga simu akilia. Alitaka mtu wake. Bi Mkubwa, yaani mavyaa wake, alitaka kuleta msichana wa kazi kutoka ofisi ya mawakala. Mumewe akatoa wazo: kwa nini asiletwe huyu wa Jeddah, aseme ametoka ofisini?

Mama akaniangalia. Baba akaangalia dari.

"Nitakwenda," nikasema. "Miaka yote mnasema sifanyi kazi za nyumbani. Sasa nitafanya hadi kwenye nyumba za watu."

"Hii si sinema," mama akaniambia.

"Najua. Sinema wanalipwa."

Shemeji, yaani mume wa mama mdogo, nami nilimwita kama mama alivyomwita, alikuja kunichukua mwenyewe, na njia nzima ya jangwani alinifundisha. Mke wangu utamwita madam. Mamangu utamwita Hajja. Usimtazame mtoto kama wako. Na Kiarabu, akaniomba sana, usikijue. Msichana aliyeshuka kwenye ndege juzi hawezi kuzungumza Kiarabu cha Ghulail, na Kiarabu changu cha Ghulail kilikuwa na matusi kuliko salamu.

Basi nikaingia nyumba ile nikiwa bubu wa kujitakia. "Mafi malumu, Hajja." Sijui, Hajja. Nikiulizwa jina, mafi malumu. Nikiambiwa lete maji, naleta chumvi. Nilifanya kazi yangu ya ujinga kwa bidii mpaka shemeji akanivuta jikoni, "Punguza, tafadhali. Sasa anataka kukurudisha ofisini."

Kumwita mama mdogo "madam" ndiyo ilikuwa tabu. Mtu ananijua tangu sina meno! Naingia na uji wa pilipili manga, nainama, "Madam, uji," naye anauma shuka asicheke. Tulipobaki wawili alinishika shavu kwa nguvu. "Mshenzi wewe. Utanifungua mshono."

Na Bi Mkubwa, nitasema ukweli, alinipenda. Alikuwa bibi mwembamba mwenye hina kwenye vidole, anatembea kama mwenye duka, anagusa kila kitu kujua kama kina vumbi. Wakati wa chakula cha mchana alikaa chini na sinia yake ya wali, ananiita kwa kidole, nakaa upande wa pili wa sinia hiyo hiyo. Alinisogezea nyama kwa mkono wake. Aliongea na mimi mfululizo, kwa sababu alidhani anaongea na ukuta. Nilijua habari za goti lake, za majirani, za marehemu mumewe aliyekoroma. Siku moja alinitazama sana akasema, "Maskini, pua yake kama imekaliwa na ngamia, lakini mikono yake misafi." Nikaitikia kwa tabasamu la mtu aliyesifiwa. Usiku huo niliikagua pua kwenye kioo cha bafuni. Bibi hakukosea sana.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikinichoma. Kila asubuhi baada ya mtoto kuogeshwa, Bi Mkubwa alimchukua, akamgeuza, akamwangalia masikio. Wakubwa wana hiyo habari, hata kwetu Mombasa: kila mtoto huzaliwa mweupe, ila ukitaka kujua rangi atakayokuja nayo, tazama pembe za masikio. Alizikunja zile pembe ndogo kwa kidole cha hina, akazitazama kwenye mwanga wa dirisha. Siku ya pili akazitazama tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya nyanya, "Huyu atachukua kwa nani?"

Mama mdogo alianza kumvalisha mtoto kofia ya sufu. Kofia ya sufu, kiangazi cha Riyadh.

"Madam," nikamwambia tulipobaki peke yetu, "mtoto anaiva."

"Mwache."

"Nimeyaona masikio. Hongera, umezaa mimi."

Nilitegemea acheke. Akacheka, kweli, halafu kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine, na akaweka mkono mdomoni. "Unajua nini? Nimemzaa mwenyewe, halafu namwogopa," akasema. "Kila akiamka naangalia ameongezeka kiasi gani."

Nikamvua mtoto ile kofia, nikampepea na trei ya dawa, na mama mdogo hakunizuia.

Nadhani ni hapo nilipopata wazo. Mzazi kwetu hukandwa: maji ya moto, majani, mafuta, tumbo likafungwa kwa kitambaa mpaka arubaini. Bi Mkubwa naye aliamini sana mambo hayo, na mwanamke wa Kisudani aliyekuwa akiwakanda wazazi wa ukoo wao alikuwa amesafiri. Kila siku alilalamika kwamba tumbo la mkwewe litalegea. Nikamwambia mama mdogo, "Sema kuna mkandaji hodari Jeddah. Mwanamke wa Kiafrika. Mama atakuja, atakukanda, atambeba mtoto. Atakuwa ndani ya nyumba yako, kwa mlango."

"Kama mkandaji."

"Kama mkandaji. Bora kuliko kiti cha nyuma."

Bi Mkubwa alikubali haraka kuliko tulivyotegemea. Mama akaomba ruhusa kwa madam wake wa Al-Hamra. Kwenye simu nikamfundisha kama shemeji alivyonifundisha: ukiingia sema salamu aleikum, mwite madam, usimkumbatie, usilie.

"Nimwite madam?"

"Madam."

"Mtoto niliyemwosha mavi?"

"Ndiyo mama, sasa yeye ni madam na mavi tunaosha mengine."

Baba aliniambia baadaye kwamba mama alifanya mazoezi jikoni, akiinamia friji. Salamu aleikum, madam. Salamu aleikum, madam. Baba akamwambia friji imeitikia.

Wakaja kwa basi. Baba alimfikisha mlangoni, akaenda kulala kwa rafiki yake Mkamba aliye mlinzi huko. Nikamfungulia mama, wote wawili tukiwa na nyuso za watu wasiojuana. Alikuwa na abaya, nikabu na glavu nyeusi, hakuna kinachoonekana ila macho. Nikamtangulia mpaka chumbani. Bi Mkubwa alikuwa ameketi kwenye godoro la wageni, mtoto mapajani. Mama mdogo alikuwa kitandani, amefungwa tumbo, miguu imenyooshwa.

Mama aliifanya sehemu yake vizuri ajabu. Aliingia, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyezoea kusimama karibu na milango, akasema, "Salamu aleikum, Hajja. Salamu aleikum, madam." Hakutetemeka. Nikajisemea, wallahi, mama anatisha, kumbe utani wangu wote nimeurithi kwake.

Tuliyesahau kumfundisha alikuwa mama mdogo.

Kwetu mdogo halali wakati mkubwa wake amesimama. Hufundishwi kwa maneno, unakua nalo tu. Mama mdogo alimwona dada yake amesimama mlangoni, na mwili wake ukaamka kabla ya kichwa. Akateremsha miguu kitandani, na mshono wake na kitambaa chake, akakunja uso kwa maumivu, akasimama, akavuka chumba, akaushika ule mkono wenye glavu, akaubusu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," mama akajibu. Lilimtoka tu. Miaka ishirini na kitu linamtoka hivyo hivyo.

Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, Bi Mkubwa alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Kiswahili hajui hata neno moja. Lakini nyumbani kwake wajukuu humbusu mkono na utosi kila Ijumaa, kwa hiyo alichokiona hakikuhitaji mkalimani.

"Huko kwenu," akamwambia mama mdogo polepole, "mnabusu mikono ya wafanyakazi?"

Mtoto akapiga chafya. Na mimi, mimi ambaye ulimi wangu una miguu, nikauona mlango wa kutokea na nikauparamia. "Huyu ni mama yake wa kunyonya, Hajja!" nikasema. "Mama yake alipokuwa mgonjwa, huyu ndiye aliyemnyonyesha. Ndiyo maana anamheshimu. Kwa Waarabu si vivyo hivyo?"

Uongo safi, wa kuheshimika, ungeweza kukaa miaka. Tatizo ni kwamba niliutoa wote kwa Kiarabu cha Ghulail, kwa kasi, bila kukosea hata irabu moja.

Bi Mkubwa akanigeukia. "Na wewe," akasema, "tangu lini unajua kuongea?"

"Mafi malumu," nikasema.

Mama mdogo alicheka. Sijui kicheko alikitoa wapi, amesimama pale na uchungu wake wote, akacheka kwa sauti, mkono wa dada yake bado uko mkononi. Nilikuwa nimempa njia. Angeweza kusema ndiyo, mama wa kunyonya, tukanywa kahawa, mambo yakaisha. Nilimwona akiitazama ile njia. Kisha akasema kwa Kiarabu, taratibu ili asikosee:

"Hapana, mama. Huyu ni dada yangu. Tumbo moja, baba mmoja. Sikuwa mtoto wa pekee hata siku moja. Na huyo muongo ni binti yake."

Mama alivua glavu. Kisha akainua nikabu, kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu, na Bi Mkubwa akauona uso wake, kisha akautazama uso wangu, kisha, hiyo nayo niliiona, akayatazama masikio ya mjukuu wake. Jibu la swali lake lilikuwa limesimama mlangoni na mkoba wa mafuta ya nazi.

Nilikuwa nangoja presha ipande. Haikupanda. Aliinuka, akamkabidhi mama mtoto, kwa uangalifu, mkono chini ya shingo kama inavyotakiwa. "Mkande," akasema. "Maji yatapoa." Akatoka kwenda kusali alasiri.

Laiti ningeweza kuandika kwamba alirudi akatukumbatia. Hakurudi. Mchana wa kesho yake niliketi karibu na sinia kama kawaida, akapita. Chakula chetu kikaletwa chumbani, kwenye sahani za wageni, zile zenye ukingo wa dhahabu ambazo nilikatazwa kuziosha nisije nikazivunja. Nyama nyingi, matunda yamekatwa vizuri. Mama akasema ni heshima. Mimi nilijua sinia inavyokuwa. Nilipokuwa mtumishi alinilisha kwa mkono wake. Nilipokuwa ukoo alinitengea sahani ya mgeni.

Shemeji na mamake walizungumza nyuma ya mlango kwa siku kadhaa. Kuna ndugu waliokuwa wakija kila Ijumaa ambao Ijumaa ile walikuwa na udhuru, wote kwa pamoja, kama waliokula samaki mmoja aliyeoza. Ikaamuliwa kwamba baada ya arubaini, mama mdogo na mumewe wahamie fleti ya kupanga. Hakufukuzwa, alisema shemeji, ila amepunguziwa msongamano. Mama mdogo aliyakunja mapazia yake mwenyewe na akalia kidogo, maana aliyapenda yale mapazia na alimpenda yule bibi. Hilo watu hawalielewi nikiwasimulia. Alimpenda.

Lakini mama alikaa juma zima. Alimkanda mdogo wake kila asubuhi mlango ukiwa wazi. Walibishana kuhusu chumvi ya mchuzi. Waligombana kuhusu jina la samaki aliyewahi kumchoma mwiba mmoja wao, sijui mwaka gani, wakapandishiana sauti kwa Kimvita mpaka shemeji akaja kuuliza kama kuna msiba. Mama alikaa, aliitwa dada mbele ya mtu yeyote aliyepita, hata fundi wa maji. Dada, karibu chai. Dada, mtoto anakutaka. Fundi wa maji hakuuliza, lakini aliambiwa.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Bi Mkubwa peke yangu. Alikuwa na tasbihi yake. Nilimshukuru kwa Kiarabu changu chote, kwa chakula, kwa kunikalisha kwenye sinia yake, na nilimaanisha. Hakuwa na deni la wema kwa msichana wa ofisini, na alinifanyia.

Akaisimamisha tasbihi. "Yote niliyokuwa nikisema, uliyaelewa?"

"Yote, Hajja."

"Ya marehemu?"

"Na mikoromo yake."

"Na ya pua?"

"Hata ngamia nilimsikia."

Mdomo wake ulipambana na kitu, ukashinda kwa shida. Hakunipa mkono. Alisema Mungu awafikishe salama, akarudi kwenye tasbihi, na nilipofika mlangoni nikasikia pumzi ikimtoka puani, kwa namna ambayo kwa mtu mwingine yeyote ningeiita kicheko. Namshukuru hata kwa hiyo. Mpaka leo hajaenda ile fleti ya kupanga, ila udi wa kumfukizia mtoto huufikisha kwa dereva.

Kwenye basi la kurudi Jeddah baba alilala kabla hatujatoka mjini. Mama alikaa dirishani. Kwenye kiti cha upande wa pili alikuwapo mwanamke Mwethiopia na mabegi yake, akamuuliza mama kwa Kiarabu cha kuungaunga, kwa adabu tu, tumetoka wapi.

Mamangu si msemaji. Kwenye jumba la Al-Hamra hutumia maneno matano kwa siku. Nikafungua mdomo nimjibie, kama kawaida yangu.

"Nimetoka kwa mdogo wangu," mama akaniwahi. "Mdogo wangu wa kike. Anakaa hapa Riyadh, amejifungua."

"Mabruki! Mtoto gani?"

"Wa kiume. Mkubwa, mashallah, mapaja haya. Mimi nilikuwa namkanda mama yake. Kwake hasa, nimekaa juma zima. Mdogo wangu hajui kutia chumvi, tangu utotoni, nilimwambia..."

Akamwambia. Akamweleza yule mwanamke habari za mchuzi, za mwiba wa samaki, za namna mdogo wake alivyokuwa akilia akipelekwa chuoni. Mji ukaisha, jangwa likaanza, yule mwanamke akawa anaitikia huku macho yakimfumba, na mama anaendelea. Nilikuwa na mzaha mzuri sana tayari ulimini. Nikaumeza, nikaegemeza kichwa begani kwake, nikamsikiliza akisema mdogo wangu, mdogo wangu, mpaka basi liliposimama tushuke kusali.